Kuku Aliyegoma Kiotani: Si Mgonjwa, Si Mkaidi, Anaatamia

Wiki mbili zilizopita jirani yangu aliniita kwenye uzio. "Mwanangu, hebu njoo unitazamie huyu kuku. Leo siku ya nne hatagi, chakula hagusi, kutoka hatoki. Nikinyoosha mkono ananidonoa. Na hawa watu wamenichosha na ushauri wao."

Watu wenyewe walikuwa watatu. Kijana wa bodaboda alimwambia amtose kuku kwenye ndoo ya maji ya baridi. Shemeji yake alisema dawa ni kuchomoa unyoya wa bawa na kuupitisha puani mwa kuku, utokee upande wa pili. Wa tatu alikata shauri kabisa: huyo ana ugonjwa, achinjwe leo kabla hajawaambukiza wenzake.

Niliingia bandani nikamkuta juu ya kiota cha majani makavu, amejitandaza kama chapati, manyoya yamemsimama, jicho kali. Chini yake kulikuwa na yai moja. Kuku yule alikuwa mzima wa afya. Alikuwa anaatamia.

Pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Chanika mpaka Kivule, watu wengi wana kuku watano au kumi nyuma ya nyumba, na wengi wao walinunua kuku kabla ya kupata bibi wa kuwaelekeza. Ndiyo maana swali la jirani yangu nalisikia kila baada ya wiki kadhaa, kila mara likiwa na majibu matatu yasiyofanana. Ngoja nilijibu kwa kirefu mara moja.

Nusu ya mkanganyiko imo kwenye maneno. Kutaga ni kutoa yai. Kuatamia, ambako wengine wanakuita kulalia, ni kukaa juu ya mayai na kuyapa joto mpaka kifaranga akue ndani yake. Kuangua au kutotoa ni siku yenyewe kifaranga anapovunja ganda. Kulea ni yale majuma ya kuchakura huku vifaranga wakimfuata nyuma. Kuatamisha ni kazi yetu sisi: kumwekea kuku mayai tuliyoyachagua. Tunavizoea vyote hivi kama kitu kimoja kwa sababu kuku ni yuleyule, lakini mwili wake unavichukulia kuwa ajira tatu tofauti, kutaga, kuatamia na kulea, na hashiki ajira mbili kwa wakati mmoja. Anapoingia kwenye kuatamia, kiwanda cha mayai kinafungwa. Jirani yangu alipolalamika kwamba kuku ameacha kutaga na pia hatoki kiotani, alidhani ana matatizo mawili. Lilikuwa jambo moja.

Nilimwomba aingize mkono taratibu chini ya kifua cha kuku, kiganja kikitazama juu. Akakubali kudonolewa mara moja, kisha akautoa mkono haraka.

"Ana homa huyu!"

Hana. Kuku mzima ana joto la nyuzi 41 hivi, takriban nyuzi nne juu ya letu, ila siku zote hatulihisi kwa sababu ya manyoya. Manyoya ni blanketi, na blanketi linalozuia baridi isiingie linazuia pia joto lisitoke. Kuku anayetaka kupasha yai hana budi kuliondoa. Kwa hiyo manyoya ya tumboni hupukutika, mengine huyang'oa mwenyewe akayatandika kiotani, na ngozi inayobaki wazi hujaa damu. Yai linagusana na ngozi tupu. Mkono wako nao ukiingia pale unakutana na ngozi hiyohiyo.

Kinachowasha mtambo huu ni homoni iitwayo prolaktini, inayotoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Homoni ya jina hilohilo ndiyo inayomtia maziwa mama aliyejifungua. Kwa kuku haileti maziwa, inaleta hamu ya kukaa. Hupanda taratibu kuku anapoona na kugusa mayai yanayoongezeka kiotani, hasa kiota kikiwa na giza na utulivu, na hasa kama ukoo wake una tabia hiyo. Ikishapanda, akili ya kuku haihesabu tena. Utamwondolea mayai yote na bado atakaa. Atakalia jiwe, atakalia kiazi, atakalia majani matupu kwa wiki tatu, nne, zaidi. Kumgombeza kwa ukaidi ni sawa na kumgombeza mjamzito kwa kuchukia harufu ya samaki.

Na mgonjwa wa kweli utamjuaje? Kipimo changu ni usiku. Kuku wote wakipanda kulala kwenye fito, angalia nani amebaki kiotani. Akibaki usiku mmoja huenda ni mtetea anayejifunza kutaga. Akibaki mbili mfululizo, na ukimkaribia anajitutumua na kutoa ule mlio mzito wa kooni, huyo anaatamia. Kuku mgonjwa hana ukali huo. Ukimgusa anakuacha, mabawa yamelegea, macho yanasinzia, na mara nyingi anaharisha. Yupo pia kuku aliyekwamwa na yai: anaingia na kutoka kiotani, anasimama mkia chini kama anayekaza tumbo. Huyo ndiye wa kukimbilia mtaalamu wa mifugo.

Kuhusu kinyesi, sina budi kulisema. Anayeatamia hutoka kiotani mara moja kwa siku, kwa dakika ishirini au thelathini, na katika muda huo hula, hunywa, huoga vumbi, na huangusha mzigo alioubana siku nzima. Ni mkubwa kama yai na harufu yake inaweza kukufukuza bandani. Watu huuona wakadhani kuku ameoza tumbo. Huo ni usafi: hataki kuchafua mayai.

Sasa hesabu, maana ndiyo inayouma. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 mpaka 15 kwa mkupuo, kazi ya wiki mbili hadi tatu. Kisha anaatamia wiki tatu. Kisha analea, ukimwachia, wiki 8 mpaka 12. Ndipo anarudi kutaga. Jumlisha: mzunguko mmoja ni karibu miezi minne, kwa hiyo mizunguko mitatu kwa mwaka, labda minne. Ndiyo maana koo, yaani kuku jike mzazi, wa kienyeji anakupa mayai arobaini mpaka sitini kwa mwaka, wakati kuku wa mayai wa kisasa anakaribia mia tatu. Watu husema kienyeji ni mvivu wa kutaga. Mwaka wake sehemu kubwa anaumalizia kwenye ajira nyingine mbili.

Wa kisasa waliachishwa ajira hizo. Wazalishaji walichagua kizazi baada ya kizazi wale wasioatamia, mpaka hamu yenyewe ikafifia. Kwa hiyo kama umenunua Kuroiler, ambao chimbuko lao ni India, au Sasso wa Ufaransa, na mwaka unaisha hujaona hata mmoja akikaa kiotani, usihangaike. Hawana tatizo, ndivyo walivyotengenezwa. Mara mojamoja mmoja hujitokeza, hasa watoto waliochanganyika na jogoo wa kienyeji, lakini usimkabidhi mayai ya thamani: wengi wao huchoka katikati ya safari. Ukitaka mwatamiaji, tafuta koo wa kienyeji aliyewahi kutotoa.

Mwenye kuku basi ana njia mbili: ampe kuku kazi aliyoitaka, au amwachishe mapema kwa upole. Njia ya tatu, ile ambayo wengi tunaifuata bila kuichagua, ni kumwacha. Kila siku tunampora yai walilotaga wenzake chini yake, tunamfukuza asubuhi, mchana karudi. Hiyo ndiyo hasara tupu. Hataatamia chochote, hatataga, atakonda, na kwa kukaa palepale muda mrefu atafuga utitiri wa banda zima. Wakati huohuo wenzake wanaogombea kiota wanavunjiana mayai. Waswahili wanasema kuku havunji yaile. Aliyeitunga hakuwahi kuona koo wawili wakigombania kiota kimoja.

Ukiamua kumpa mayai

Kwanza mayai yawe na mbegu. Kuku hutaga bila jogoo, vizuri tu, lakini mayai hayo hayatatoa kifaranga hata ayaatamie mwaka. Mayai ya trei unayonunua dukani yanatoka kwenye mabanda yasiyo na jogoo, kwa hiyo kumwekea ni kumtesa. Akishapandwa, kuku huhifadhi mbegu za jogoo mwilini na anaweza kutaga mayai yenye mbegu kwa wiki moja mpaka mbili baada ya jogoo kuondoka. Kwa hiyo uliyenunua mayai kwa jirani aliyechinja jogoo wake Jumapili iliyopita bado una matumaini.

Watu huuliza inakuwaje kuku atage mayai kwa siku kumi na mbili, halafu vifaranga watoke siku moja. Fikiria mbegu za mahindi kwenye debe. Umezitia leo, nyingine wiki ijayo, lakini zote zitaota siku ile ile mvua ikinyesha. Yai ni hivyo: lisipopata joto la kutosha limelala. Joto la kuku ndiyo mvua yake. Ubaya wa Dar es Salaam ni kwamba mchana wa Januari jikoni kwako kuna joto la kuliamsha yai nusunusu, likaanza, likakosa, likafa. Mayai ya kuatamisha yasizidi siku saba hadi kumi, yasioshwe kwa maji, yasiwekwe kwenye friji, na yakae mahali pa baridi, ncha nyembamba chini. Bibi yangu aliyaweka kwenye bakuli la pumba kando ya mtungi wa maji. Mtungi hutoa jasho na hewa ya pembeni yake hupoa. Mpaka leo sijaona mahali bora katika nyumba isiyo na umeme wa uhakika.

Idadi inategemea mwili wa kuku: kumi mpaka kumi na tatu. Ukimwona amekaa na yai moja linachungulia pembeni, punguza. Hilo linalochungulia si lilelile siku zote. Yeye huyageuza na kuyabadilishia nafasi kila mara, kwa hiyo kila yai litapata zamu yake ya baridi, na unaweza kuyaharibu mengi kwa tamaa ya moja.

Kuhusu mahali, kumbuka kwamba kuku hupenda kiota chake kuliko mayai yake. Ukimhamisha mchana atarudi alikotoka. Mhamishe usiku, umbebe na umfunike, umweke kwenye kiota kipya chenye giza, juu ya mayai ya uongo au mawe mviringo, umfungie humo siku moja. Akitulia ndipo unaingiza mayai ya kweli, yote kwa wakati mmoja, usiku. Chini ya kiota tandika majivu kidogo, na wengine huongeza majani ya mwarobaini au ya tumbaku kwa ajili ya utitiri. Utitiri unastahili kuogopwa: hunyonya damu ya kuku asiyeondoka, na nimeona koo mwema akiyaacha mayai siku ya 18 kwa sababu ya muwasho peke yake.

Hapa nieleze kosa langu, labda litakuokoa. Kuku wangu wa kwanza nilimwacha aatamie palepale wenzake walipokuwa wakitaga. Nilimwekea kumi. Wenzake wakaendelea kuja, wanamsukuma, wanataga, wanaondoka. Sikuweka alama. Siku ya 21 vifaranga sita wakatoka, siku ya 22 wawili, na siku ya 23 mama akasimama akaondoka nao. Kiotani yalibaki mayai tisa, yana joto bado. Nilivunja moja. Ndani kulikuwa na kifaranga mwenye manyoya, amebakiza siku nne au tano. Sikuvunja mengine.

Tangu siku hiyo kila yai lina mstari wa mkaa, na kila jioni kuku akitoka kula napita. Lisilo na mstari linaenda kwenye kikaango. Ukiweza kumtenga kabisa kwa wavu au tenga, bora zaidi.

Hesabu ya siku nayo huwachanganya watu. Ni siku 21, na siku ya kuweka haihesabiwi. Njia rahisi: ukiweka mayai Jumamosi usiku, hesabu Jumamosi tatu. Hata hivyo wanaweza kuanza kutoboa Ijumaa au kuchelewa mpaka Jumapili.

Usiku wa saba unapima. Huhitaji mashine. Chukua boksi la viatu, toboa tundu dogo kuliko yai, washa tochi ya simu ndani, zima taa ya chumba, kisha kalisha yai juu ya tundu, upande mpana ukitazama mwanga. Nilifanya hivi na jirani yangu Jumamosi iliyopita, wajukuu wake wanne wamekaa sakafuni wamenyamaza kimya, jambo ambalo hata mama yao hakuamini. Yai la kwanza likawaka kote kama taa ya rangi ya chungwa, hakuna kitu. Hilo halina mbegu. La pili likaonyesha doa jeusi katikati na mishipa myekundu imetawanyika kutoka kwake kama miguu ya buibui, na lile doa likatikisika. Mtoto mdogo akasema, "Bibi, amenisalimia." Kati ya mayai kumi na moja, tisa yalikuwa na mishipa. Mawili tuliyatoa. Ukiona duara la damu kama pete bila mishipa, hilo lilianza likafa. Litoe pia, kwa sababu linakuwa yai viza, na viza likipasuka chini ya kuku huwapaka mengine uozo.

Wapo wanaoamini kwamba yai likiguswa na mkono kuku atalikataa. Hana habari. Hakatai mkono wako, anakataa kusumbuliwa mchana kutwa. Pima usiku wa 7, ukitaka rudia usiku wa 14, baada ya hapo muache. Siku tatu za mwisho usiguse kabisa hata kama unasikia sauti ndani ya yai. Vifaranga huzungumza na mama na huzungumza wao kwa wao kabla hawajatoka, na kutoboa mpaka kutoka kunaweza kuchukua siku nzima. Mkono wenye huruma unaobandua ganda huua, kwa sababu mishipa ya damu bado imeshika upande wa ndani.

Wakitoka, usihangaike kuwalisha saa ileile. Kifaranga huingia duniani amebeba chakula chake: kiini cha yai alikifyonza tumboni muda mfupi kabla ya kutoka, na kinamtosha siku mbili. Ndicho kinachompa mama nafasi ya kuwasubiri waliochelewa.

Msiba wa kweli huanzia hapo. Siyo teke la mama, maana teke la kuku halimuumizi mwanawe. Ni mwewe, kicheche, paka, na kwa sisi wa Dar es Salaam, kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, na leo wanakaa juu ya bati wakikuhesabia vifaranga. Wiki nne za kwanza mfunike mama kwa tenga kubwa la fito, wao watatoka na kuingia kwenye nafasi za fito na yeye atabaki kuwa kambi. Chakula na maji ya vifaranga viwe mahali ambapo kuku wakubwa hawafiki. Na chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku wa mtaa mzima, usiicheze. Ile iitwayo I-2 ni tone moja jichoni, inarudiwa kila miezi mitatu, na tofauti na chanjo nyingine inavumilia joto kidogo. Nimeona mtu akiatamisha kwa ustadi wote niliouandika hapa, kideri kikapita mtaani, akabaki na tenga.

Anayetaka kuharakisha mzunguko huwatoa vifaranga kwa mama wakiwa na wiki moja au mbili, akawalea kwenye boksi lenye taa au jiko. Koo akikaa bila watoto hurudi kutaga baada ya wiki chache, na miezi minne inakuwa miwili na nusu. Inafanya kazi, lakini joto la mama umelichukua mkononi mwako, na umeme ukikatika saa nane usiku utaamka wewe. Jiko la mkaa nalo lisiwekwe chumba kilichofungwa. Moshi usioonekana wa mkaa huua vifaranga, na huua watu.

Ukiamua kumwachisha

Huna jogoo, huhitaji vifaranga, unataka mayai ya chai ya asubuhi. Sawa. Wahi. Kuku aliyeanza jana huachishwa kwa siku mbili tatu. Aliyekaa wiki mbili anaweza kukusumbua wiki nzima.

Kumbuka kinachoendesha hamu: giza, utulivu, joto lililokusanyika chini ya tumbo. Basi ondoa hivyo. Chukua kizimba chenye sakafu ya wavu au fito zilizoachana, kiinue juu ya matofali ili upepo upite chini, kiweke kwenye kivuli mahali penye mwanga na pilikapilika, wenzake wawe wanapita. Ndani weka chakula na maji, usiweke jani hata moja. Hana pa kujitandaza, tumbo linapoa, na prolaktini inashuka yenyewe. Siku ya tatu mfungulie. Akienda kuchakura na wenzake, imekwisha. Akikimbilia kiotani, mrudishe siku mbili. Mayai utayaona baada ya wiki moja mpaka tatu, kwa sababu kiwanda kilichofungwa huchukua muda kuwashwa. Anayekuambia kuku wake alitaga kesho yake alikuwa na kuku ambaye hakuwa akiatamia.

Je, ile ndoo ya maji? Wanaoitumia wamegusa jambo, kwamba tumbo lipoe, lakini kuku aliyelowa anapoa kwa saa moja, akikauka anarudi, na ukimtosa jioni unaweza kumuugulisha. Unyoya puani unamuumiza, unamzuia kula, na kuku anaonekana ameacha kuatamia kwa kuwa anahangaika siku nzima kuutoa. Kumfunga kamba juani, kumnyima maji siku mbili, nayo ni hivyohivyo. Kizimba hakina sinema, pengine ndiyo maana hakuna anayekitangaza.

Bibi yangu alikuwa akiweka msumari na kipande cha mkaa kwenye kiota ili radi isiue mayai. Nimewahi kuatamisha wakati wa masika bila msumari na radi zikapiga, vifaranga wakatoka. Ninaloamini huua mayai wakati wa masika ni kiota kinachovuja. Mkaa wake hata hivyo niliurithi, kwa ajili ya zile alama. Na yale ya yai lenye ncha kali kutoa jogoo na lililo duara kutoa mtetea, hapana: jinsia inaamuliwa ndani ya mwili wa kuku jike kabla ganda halijatengenezwa, na ganda halina habari nayo.

Faida moja ya koo mwatamiaji watu huisahau: hajui mayai ya nani. Kanga ni mama mzembe, kwa hiyo wengi humpa kuku mayai ya kanga, ambayo huchukua siku 26 mpaka 28. Ya bata mzinga ni 28, na ya hawa bata wetu wa mitaani hufika 35. Usiyachanganye na ya kuku kwenye kiota kimoja, kwa sababu ataondoka na watakaotoka mwanzo. Na ukimpa ya bata jiandae kumwonea huruma siku watoto watakapoliona dimbwi.

Jirani yangu hana jogoo. Mayai yale kumi na moja aliyanunua mtaa wa pili, kwa mzee mwenye jogoo aina ya Kuchi mwenye miguu mirefu, na tukayaingiza chini ya kuku Jumamosi saa tatu usiku. Kwenye ukuta wa jikoni ana kalenda ya duka la pembejeo. Ameizungushia mkaa Jumamosi ya tatu, na pembeni mjukuu amechora kitu chenye miguu miwili. Zimebaki siku tisa. Ameshaniambia nisije nikasafiri.